Mukuyuni: Habari ya Silabi Iliyo Mwishoni mwa Jina

Kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, lipo soko liitwalo Mukuyuni. Msafiri atokaye pwani hana haja ya mkalimani ili apate kulielewa jina hilo. Mukuyu wa Wakamba ndio mkuyu wa Waswahili, na silabi -ni iliyo mwishoni ni ile ile isikiwayo katika nyumbani, sokoni na mtoni. Mukuyuni, basi, ni mahali penye mkuyu. Jina hili limeundwa kwa vipande viwili tu, na kipande kilicho kidogo ndicho kifanyacho kazi kubwa, kwa maana kimeuchukua mti na kuufanya kuwa mahali.

Silabi hii hutumiwa na kila mtu kila siku, na labda kwa sababu hiyo ni wachache waliopata kuuliza ilikotoka. Makala haya yaeleza kazi yake, asili yake kama wataalamu wa lugha wanavyoifikiri, na kwa nini karani anayeandika majina ya mahali hana budi kuiangalia vizuri pamoja na neno lililoibeba.

Kwanza mti wenyewe. Mkuyu huota kando ya mito na mahali ambapo maji ya ardhini hayako mbali. Huweza kukua kupita mita 20, na matunda yake hutoka kwa vishada katika shina na matawi makubwa. Aliyesoma Injili ya Luka katika Biblia ya Kiswahili anaujua, kwa kuwa ndio mti alioupanda Zakayo, yule mtu mfupi wa kimo. Katika Ukambani, ambako mito mingi hukauka juu na kubaki na maji chini ya mchanga, mkuyu mkubwa ulikuwa alama ya kwamba hapo pafaa kuchimbwa. Tena wazee walikuwa na mathembo, yaani mahali pa kuomba na kutolea sadaka, chini ya miti mikubwa, mara nyingi miti ya jamii ya mkuyu, na mti wa namna hiyo haukukatwa ovyo. Kwa hiyo mtu wa kale aliyesema, "Tukutane mukuyuni," hakusema maneno ya kubahatisha. Kwa neno moja alitaja kivuli, na maji, na pengine mahali patakatifu.

Majina ya namna hii ni mengi katika nchi ya Wakamba. Kithimani, katika Yatta, ni kisimani, kwa kuwa kithima ni kisima. Mutituni, karibu na mji wa Machakos, ni msituni, kwa kuwa mutitu ni msitu. Pwani nako ni vivyo hivyo. Mkunazini ya Unguja, ambapo soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa kuu la Waanglikana likajengwa baadaye, ilipata jina lake kwa mti wa mkunazi. Forodhani ni mahali pa forodha. Mikocheni ya Dar es Salaam ni penye mikoche. Mkuyuni yenyewe ipo katika jiji la Mwanza, na nyingine ipo katika Morogoro. Msukuma wa Mwanza hakumwiga Mkamba wa Makueni, wala Mkamba hakumwiga yeye. Mti ni mmoja, na kila mahali watu walihitaji kusema wako wapi.

Sasa tutazame kazi ifanywayo na silabi hii katika sentensi. Mkuyu ukiwa mti, husemwa mkuyu huu, mkuyu mkubwa, mkuyu wetu. Ukisha kutiwa -ni, ngeli ya mti huondoka na ngeli ya mahali hushika nafasi yake. Walakini mahali si pa namna moja. Mtu mmoja asema, "Mkuyuni hapa pana kivuli." Wa pili asema, "Mkuyuni huku kuna nyuki." Wa tatu asema, "Mkuyuni humu mna nyoka." Wa kwanza ataja mahali hasa anapopaona na kupajua. Wa pili ataja upande ule wote, bila kuonyesha mpaka. Wa tatu ataja ndani. Yaelekea amekwisha kuingiza mkono katika pango la mti, na afadhali autoe upesi. Silabi ni ile ile moja, lakini maneno yanayoifuata ndiyo yanayoonyesha ni mahali pa namna gani. Wanafunzi wengi wa Kiswahili kutoka nchi za ng'ambo huona taabu sana hapa, maana lugha zao huwataka waseme kila maana kwa neno lake, na Kiswahili huwataka wasikilize sentensi nzima.

Silabi hii ina mipaka yake. Haifuati watu: hatusemi tunakwenda mwalimuni, bali kwa mwalimu. Haifuati majina maalum ya miji: aendaye Nairobi hasemi Nairobini. Wala jina ambalo limekwisha kuipata halipewi nyingine, ndiyo sababu hakuna asemaye anakwenda Mukuyunini. Kwa upande mwingine haiwabagui wageni. Meza ilitoka kwa Wareno, nasi twasema mezani. Shule ilitoka kwa Wajerumani, nasi twasema shuleni. Msikiti ulitoka kwa Waarabu, ofisi na hospitali kwa Waingereza, na yote yamepokea -ni bila ugomvi. Neno likiisha kukubaliwa kuwa la Kiswahili, mara hupata mahali pake.

Yafaa pia kuonya kwamba si kila -ni ni hii. Jirani, shetani, zamani na thamani ni maneno yaliyokuja na mwisho huo kutoka mbali, wala hayana habari ya mahali. Asanteni na njooni yana -ni nyingine kabisa, ambayo kazi yake ni kuonyesha kwamba wanaoambiwa ni wengi. Na katika wasemani, maana yake wasema nini, iko ya tatu.

Lakini ile ya mahali imejificha katika maneno mengine ambayo watu hawaifikirii. Kusi ni upepo utokao upande wa chini wa ramani, na upande ule ukaitwa kusini. Kaskazi ni upepo uletao majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na upande ule ukaitwa kaskazini. Pwani ni mahali ambapo maji hupwa. Hivyo Mkamba wa Kitui ambaye hajaona bahari maisha yake yote, akisoma katika kitabu cha jiografia kwamba jirani zake wako kaskazini, anasoma habari za pepo za mabaharia, na ni silabi hii iliyozifikisha bara.

Mtu aliyezoea lugha za Kibantu aweza kuona ajabu kwamba silabi hii iko mwishoni. Katika lugha hizi kazi ya kupanga majina hufanywa mwanzoni mwa neno. Twasema mtu, watu, kitu, utu. Mkamba husema mundu, andu, kindu. Asiyeujua mwanzo hawezi kuujua ukoo wa neno. Hata mahali, hapo kale, palitajwa kwa mwanzo, yaani kwa pa, ku na mu, na lugha nyingi zafanya hivyo mpaka leo. Mganda, kwa kusema nyumbani, husema mu nnyumba. Mnyarwanda husema mu nzu. Na Kiswahili cha Kongo chenyewe husema ku nyumba na mu nyumba. Kiswahili cha pwani kimevihifadhi vile vya kale katika maneno yafuatayo tu, kama pana, kuna na mna, au pake, kwake na mwake. Mbele ya jina lenyewe vimeondoka, na nyuma yake imekuja -ni.

Basi ilitoka wapi? Tukiwasikiliza majirani tutapata dalili. Mkikuyu hasemi -ni tu, bali -ini: mukurwe ni mti, na mahali pake katika Nyeri huitwa Mukurweini. Tukishuka mbali sana hadi Afrika ya Kusini twamkuta Mzulu naye akisema -ini. Mji wa Durban kwake ni eThekwini, yaani kwenye ghuba, na indlu, ambayo ni nyumba, huwa endlini. Watswana na Wasotho wameifupisha hata ikabaki -ng. Mahikeng kwao ni mahali pa mawe, na Mangaung, penye mji wa Bloemfontein, ni mahali pa duma. Kutoka Nyeri hadi Durban ni safari ya maelfu ya kilomita, na katika ncha zote mbili imehifadhiwa ile i ya kwanza ambayo Mswahili na Mkamba wameimeza. Yaonyesha kwamba -ini ndiyo ya asili, na -ni ni ufupisho wake.

Na -ini ni nini? Mwaka 1994 wataalamu wawili, Ridder Samsom na Thilo Schadeberg, waliandika kwa Kiswahili makala juu ya jambo hili, na katika jina la makala hayo walilichezea neno kiinimacho. Mchezo huo haukuwa wa bure. Maoni yao ni kwamba silabi hii ilikuwa zamani neno kamili, ini, lile lile ambalo ni kiungo kilicho ndani ya mwili. Kutoka kiungo cha ndani maana ilienea ikawa sehemu ya ndani ya kitu chochote, kama tunavyoiona bado katika neno kiini, ambalo ni moyo wa yai au wa mbegu. Kisha neno lilipozoea kusemwa nyuma ya jina jingine lilipoteza nguvu zake, likafupika, likashikamana na jina lile, hata mwisho wake likawa alama ya mahali tu.

Msomaji akiliona jambo hili kuwa gumu kuamini, na atazame maneno mengine ya Kiswahili yaliyopita njia hiyo. Ndani yenyewe yatokana na neno la kale la tumbo. Nyuma ilikuwa mgongo. Mbele ni ndugu wa neno la kale lililokuwa na maana ya titi, maana kifua ndicho kinachomtangulia mtu aendako. Mwili wa binadamu ndio ramani yake ya kwanza, naye huichukua kila aendapo.

Limebaki swali la mpangilio. Mbantu wa kawaida angesema ini la mti, si mti-ini, kwa kuwa kwake kinachomilikiwa hutangulia. Tom Güldemann, katika makala yake ya mwaka 1999, alikumbusha kwamba Wabantu wa mashariki na wa kusini walikutana na watu wa lugha nyingine ambazo mpango wake ni wa kinyume, na kwamba mikia kama hii yaweza kuwa alama ya kukutana huko. Ikiwa ndivyo, basi katika jina la soko la Makueni limo kumbukumbu la ujirani wa zamani sana, ambao hakuna mzee aliyeusimulia.

Jambo la neno kamili kugeuka mkia si la Afrika peke yake, na huko Ulaya laweza kufuatwa kwa urahisi zaidi kwa sababu maandishi ya kale yapo. Mwingereza ana silabi -dom, aitiayo mwishoni mwa king, mfalme, akapata kingdom, ufalme. Na mwishoni mwa free, huru, akapata freedom, uhuru. Mholanzi ana rijkdom, Mswidi rikedom, Mdenmaki rigdom, Mjerumani Reichtum, na yote manne maana yake ni utajiri. Hapo kale dom ilikuwa neno lililosimama peke yake, na maana yake hukumu, au jambo lililowekwa. Kingdom ilianza kama hukumu au cheo cha mfalme kabla ya kuwa nchi anayoitawala. Katika Kiswidi na Kidenmaki neno lile lingali hai, na hata leo hukumu ya mahakama huitwa dom. Katika Kijerumani limebaki mkia tu. Katika Kiingereza liko pia kama doom, lakini maana yake imekuwa mbaya, ni maangamizi, na Mwingereza wa kawaida asemapo freedom hakumbuki kabisa kwamba ametaja hakimu.

Majina ya mahali ya Ulaya yafanana zaidi na Mukuyuni. Miji ya Kiingereza iishiayo kwa -ham, kama Birmingham na Nottingham, ina ndani yake neno la kale la makao, na ndilo hilo lililo katika Mannheim ya Ujerumani na Trondheim ya Norwei. Ile -ton ya majina mengine mengi ilikuwa ua au boma. Mkikuyu na Mkamba wangelielewa jambo hilo mara moja. Tofauti ni kwamba Wazungu walitia mikia yao hasa juu ya majina ya watu na koo, na Wakamba wakaitia yao juu ya mti, kisima na msitu. Tena mkia wa Kizungu umekwisha kufa kazi yake: hakuna Mwingereza anayeweza kuutumia -ham leo kwa kusema yuko wapi. Mkamba aliyezaliwa juzi akiuona mkuyu mwingine hata leo, aweza kusema yuko mukuyuni, na wote watamwelewa.

Si kila jina la Ukambani lina silabi hii, na pale isipokuwapo isitiwe. Mutitu ya Kitui na Mutituni ya Machakos zote ni msitu, lakini moja ni msitu na ya pili ni msituni, wala mmoja hawezi kuandikwa badala ya mwingine. Makindu yaitwa kwa mikindu yenyewe. Mtito Andei ni msitu wa tai wala mizoga, na haikuhitaji mkia, maana tai wenyewe walitosha kuwa alama.

Hapa ndipo kalamu ya karani inapoingia. Majina ya nchi hii mengi yalisikiwa na mgeni, yakaandikwa kama alivyoyasikia, na maandishi yakashinda midomo ya wenyeji. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Church Missionary Society, alifika Kitui kwa mzee Kivoi, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona mlima ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Jina alilolipeleka Ulaya ndilo lililokuwa jina la mlima, kisha la koloni, kisha la Jamhuri. Krapf huyo alijua thamani ya maneno. Mwaka 1850 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na pia orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kikamba kikiwamo. Hata hivyo jina likatoka mkononi mwake limebadilika. Mfano wa pili ni Machakos. Mwenyeji wa hapo alikuwa Masaku, na kituo cha kampuni ya Waingereza kilipoanzishwa mwaka 1889 jina lake lilitamkwa kigeni, likatiwa s mwishoni, ambayo ni desturi ya Kiingereza ya kuonyesha mali ya mtu. Hivyo mji mmoja wa Ukambani ukapewa mkia wa Kiingereza, na soko lililo mbele kidogo katika barabara ile ile likabaki na mkia wa Kibantu.

Hatari ya siku hizi haitoki kwa wageni. Yatoka kwa watu wenye Kiswahili kizuri. Kiswahili kimezoea kuifupisha mu- ikawa m-, kama mti badala ya muti na mkuyu badala ya mukuyu. Karani aliyefundishwa vema, akiona Mukuyuni, huenda akadhani ni kosa la mtu wa bara, akaandika Mkuyuni, naye ameridhika kwamba amesahihisha. Hakusahihisha kitu. Kikamba kina vokali saba na hakiifupishi mu- hiyo. Mukuyuni ni Kikamba safi, kama vile Mkuyuni ya Mwanza ilivyo Kiswahili safi. Mtu ambaye cheti chake cha kuzaliwa chasema Mukuyuni na kitambulisho chake chasema Mkuyuni aweza kusumbuliwa aeleze kama amezaliwa mahali pamoja au pawili, na shamba lililoandikwa kwa jina moja katika karatasi ya baba na kwa jina jingine katika karatasi ya mwana ni mwanzo mzuri wa kesi. Herufi iliyoondolewa kwa kupenda Kiswahili fasaha huweza kurudishwa kwa nauli, kiapo na siku tatu za kungoja nje ya mlango wa ofisi.

Tena Mukuyuni si moja. Wadi ya Mukuyuni iko pia katika Kaunti ya Bungoma, mbali sana na Ukambani. Kibukusu kisemwacho huko hutaja mahali kwa viambishi vya mbele, kwa hiyo yaelekea silabi -ni ya jina hilo iliingia huko kutoka nje. Kwa sababu hiyo, andikapo mtu hati au barua, haitoshi kuandika Mukuyuni peke yake. Na aandike jina kama wenyeji wanavyolitamka, kisha aongeze kaunti: Mukuyuni, Makueni, au Mukuyuni, Bungoma. Na kama ampelekeaye yuko Mwanza, aondoe u ya kwanza, aandike Mkuyuni, kisha aongeze Tanzania.